Pombe ya Maganda

Pombe yangu ni nzuri. Nalisema hilo mapema nisije nikajifanya mnyenyekevu katikati ya habari, maana unyenyekevu wa uongo haunikai mwilini. Mimi ni fundi friji hapa Mpanda, kibanda changu kiko Kashaulili nyuma ya maduka ya vyombo, na Jumapili nikitoka kanisani napika pombe nyumbani kwangu. Naipika kwa nafaka tupu, bila sukari, bila spiriti. Ina rangi ya asali iliyoiva, na ukiisogeza karibu na uso unasikia chungwa kabla hujaweka mdomo. Aliyeinywa akasema ni mbaya sijamwona bado, na nikimwona tutaongea.

Watu wanashangaa mwanaume kupika pombe. Huku kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, kama kusuka ukili. Jirani yangu pale sokoni, muuza vyombo, ni Mwislamu asiyegusa kileo hata kikiwa ndani ya dawa ya kikohozi, lakini kila Jumatatu ananiuliza kama nimeshapata mume wa kunioa. Namjibu kwamba bado natafuta, ila awe na duka la vyombo. Akishacheka ananichagulia ndoo zenye mifuniko inayobana vizuri, halafu anasema hataki kujua nakwenda kuzifanyia nini.

Nilianza kwa ubishi. Mteja mmoja alikuwa amekaa kibandani akisubiri friji lake, akanionyesha kwenye simu watu wa mbali wanaopika bia nyumbani. Walikuwa wanasaga nafaka iliyooteshwa, wanailoweka kwenye maji ya moto, wanachuja, wanachemsha, wanapoza, kisha wanaiacha ichache ndani ya friji lililorekebishwa lisigandishe. Yule mteja akasema mambo hayo yanawezekana kwao tu, kwetu joto linaharibu kila kitu. Nilimtazama. Nilikuwa nimezungukwa na mafriji mabovu kila upande, na nusu ya kazi niliyoiona kwenye ile simu ilikuwa ni kulinda joto na baridi, yaani kazi inayonilisha. Nikamwambia nitamwita, aje na kikombe chake.

Shayiri yao sikuwa nayo, nilikuwa na mtama na ulezi. Niliviloweka, nikavifunika kwa magunia mpaka vikaota, nikavianika juani. Sehemu ya kimea hicho niliikaanga kwenye karai mpaka ikawa ya kahawia na nyumba ikanukia karanga. Hiyo ndiyo inayotoa rangi. Nikavisaga vyote chenga, si unga laini. Chombo cha kulowekea kilikuwa deli kuukuu la kutunzia barafu nililolipata kwa muuza samaki wa Karema, nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likasahau migebuka yote liliyowahi kubeba. Ndani yake, chini, nilitandaza bomba la shaba la friji nililolitoboa matundu, ili maji matamu ya kimea yachuruzike na chenga zibaki. Kazi safi kabisa. Nilipofungua bomba, halikutoka hata tone. Chenga zilikuwa zimekaa chini na kushikana kama ugali uliolala.

Hapo kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na mtu huyo mimi siruhusiwi kuongea naye.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi Kasekese, na hakuna kijiji kule ambako hawakujua pombe yake. Lakini kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaogopana. Sili mbele yake, na yeye hali mbele yangu. Sikai naye chumba kimoja. Tukikutana njiani, mmoja anaacha njia. Wageni wanadhani ni chuki, kumbe ni heshima, na tumeilinda vizuri kiasi kwamba naujua mgongo wa kanga yake kuliko uso wake. Wazee walipoweka utaratibu huo simu hazikuwepo, kwa hiyo mimi na mke wangu tulijitungia sheria yetu: yeye anaongea na mama yake, mimi nasimama pembeni, na maneno yanapitia kwake kwenda na kurudi.

"Mwambie haichuji," nilisema.

"Mama, anasema haichuji." Mke wangu alikuwa ameibana simu kwa bega huku anawamenyea watoto machungwa. Akasikiliza. "Mama anasema utie maganda."

"Maganda?"

"Maganda. Anasema ukitia maganda itapita yenyewe."

Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili. Maganda yalikuwa pale pale mbele yangu, sinia zima, mabichi, yananukia. Niliyabeba yote nikayamimina kwenye deli, nikakoroga, nikafungua bomba kwa uhakika wa mtu aliyepewa siri ya ukoo. Wapi! Mwishowe nililikamua lile tope kwa kitambaa kipya cha pazia, ambacho mke wangu ananidai mpaka leo, nikachemsha kilichopatikana, nikapoza, nikatia chachu, nikafungia ndani ya friji.

Ilipokuwa tayari nikafungua ndoo, nikasimama tu. Ile harufu ilikuja yenyewe bila kuitwa. Ulikuwepo utamu wa kimea cha kukaanga, halafu chungwa juu yake, jepesi, kana kwamba mtu analimenya chumba cha pili. Yule mteja alikuja na kikombe chake, akanywa, akakirudisha kwangu kijazwe, akauliza nimetia nini. Nikamwambia hiyo ni siri ya fundi.

Nilipeleka chupa Kasekese. Jioni yake simu ikalia, mke wangu akapokea, nami nikasimama mahali pangu.

"Mama anauliza hii harufu ya chungwa imetoka wapi."

"Mwambie si yeye alisema nitie maganda?"

Mke wangu akayapitisha maneno hayo. Kicheko kikatoka kwenye ile simu, kikubwa, mpaka nikakisikia kutoka pale niliposimama. Alikuwa amekusudia maganda ya mpunga. Yale makapi yanayorundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa, yanayotiwa kwenye kimea ili maji yapate njia ya kupita. Kila mtoto wa Kasekese anajua hilo. Alipomaliza kucheka alisema neno, na mke wangu akaniletea: "Anasema usiache. Ila umeyatia na ile nyama nyeupe ya ndani, ndiyo maana ina uchungu wa nyuma. Anasema uchukue ngozi ya juu tu."

Alikuwa hajainywa bado. Alikuwa ameinusa tu.

Tangu siku hiyo kila chupa niliyopeleka ilirudishiwa kasoro. Mara kimea kimeota kupita kiasi, mara ndoo ilifunguliwa kabla ya wakati, mara maji ni ya bomba, nichote ya kisima. Hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Nilikasirika kila mara, nikazunguka uani nikijibu peke yangu maneno ambayo nisingeweza kumwambia, na kila mara nikafuata alichosema. Pombe yangu ikawa kama ilivyo sasa. Sisemi ni yeye aliyeipika, kwa sababu niliipika mimi, lakini sina haja ya kuwa mchoyo wa ukweli.

Kisha akaugua. Mafua makali, kifua, homa iliyomlaza muda mrefu. Mke wangu alikwenda kumuuguza mpaka akainuka. Aliinuka mzima ila pua. Kiswahili chetu kinasema harufu inasikiwa, kwa hiyo alipoanza kulalamika kwamba hasikii, majirani wakadhani ni masikio, wakawa wanampigia kelele: "Mama, shikamoo! Umeamkaje!" Naye anawajibu kwa kelele vilevile: "Masikio ninayo nyie! Pua ndiyo imekufa!" Watu walicheka, na mwanzoni naye alicheka.

Haikurudi. Daktari wa mjini alisema inaweza kurudi na inaweza isirudi, na dawa yake hana. Chakula kikawa kwake kama kutafuna karatasi, akakonda. Na pombe akaiacha. Huyu hakuwahi kushika kipimajoto maishani mwake. Alijua kimea kimeiva kwa kukinusa, alijua kesho pombe itakuwaje kwa kuinamia mtungi leo. Siku moja mke wangu akarudi kutoka Kasekese macho yamevimba. Mama alikuwa ameigawa mitungi yake yote, mmoja huyu, mmoja yule, kama mtu anayegawa vitu vya marehemu.

Niliumia, nalisema wazi. Niliendelea kupeleka chupa, na jibu likawa moja tu: "Mama anasema asante." Ile asante ilinikera kuliko kasoro zote alizowahi kunitajia. Nilitamani atukane.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mwisho wa mke wangu, akapata mchumba, na ndoa ikapangwa kufanyika pale pale nyumbani Kasekese. Katika ukoo huo pombe ya harusi haigawiwi ovyo. Mwenye nyumba anaifungua. Anakunywa yeye kwanza, mbele ya wakwe, ili waone haina sumu wala maneno, na akiisharidhika anasema "karibuni". Baba mkwe alikwisha kufariki, kwa hiyo mfunguaji alikuwa mama, na watoto wake wote waliotangulia aliwafungulia pombe aliyoipika kwa mikono yake.

Safari hii alisema zinunuliwe bia za chupa, na za chupa hazina haja ya kufunguliwa na mtu. Nikamtuma mke wangu: mwambie mimi nitapika, yeye atafungua. Jibu likaja: "Anasema hawezi kuwapa wakwe kitu asichokisikia. Anasema hapo atakuwa amewadanganya."

Shemeji ndiye aliyekwenda kupiga magoti. Alimwambia kwamba kaka zake wote wamefunguliwa na mama, je, yeye afunguliwe na kiwanda? Mama akakubali. Ila aliweka sharti lake, na mke wangu alinieleza kwa sauti ya chini: atafungua hii, na kama hatasikia kitu, basi hiyo itakuwa ya mwisho. Asiulizwe tena habari za pombe, asipelekewe hata chupa. Nami nikaanza kupika nikiwa na wazo moja: nimpikie kitu ambacho hata pua iliyolala itageuka.

Nilibeba deli langu na kimea nikahamia Kasekese. Nyumba aliyolala mama ilikuwa upande mmoja wa ua wa mabua, mimi nikapewa upande wa pili. Maganda ya mpunga nilitia, na maji yakachuruzika mekundu, matamu, kama nilivyotaka siku ile ya kwanza. "Shem, hapa umeupiga mwingi," shemeji akasema, na nilikubaliana naye. Tatizo lilikuja kwenye kuchemsha. Nyumbani natumia gesi. Pale nilikuwa na pipa la nusu juu ya mafiga na kuni kavu za miombo. Jamaa wa maturubai akaja anataka kuchimba shimo la nguzo karibu na jiko langu, nikamwambia hapa hachimbi mtu, akasema yeye ndiye anayejua turubai linakaaje, nikamwambia na mimi najua yeye atakaaje asipoondoka. Tulibishana vya kutosha. Niliporudi kukoroga, mwiko ulikwaruza. Ilikuwa imeshika chini.

Nilihamisha ya juu upesi, nikaionja. Kuungua kulikuwepo, kwa mbali sana, nyuma kabisa ya ulimi. Niliongeza ngozi za machungwa, nikapoza, nikagawa kwenye ndoo, nikazifukia nusu kwenye mchanga wenye maji kivulini, kwa sababu umeme wa pale si wa kuutegemea. Ilipokwisha kuchacha nikamwonjesha shemeji, akasema iko poa sana. Nikamwonjesha mke wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata jamaa wa maturubai nilimpa, akanywa, akaniomba msamaha. Watu wote hao wana pua zao. Kwa hiyo nikaamua kwamba hakuna kuungua kokote, ni wasiwasi wa fundi.

Siku yenyewe wakwe walifika, wakakaa. Mama alikuwa amekaa upande wa ndani wa ua na mama wa bibi harusi na wanawake wengine. Mimi nilikuwa nyuma ya mabua na ndoo zangu, mahali pangu halali, sioni kitu. Mke wangu alikuja kuchota kikombe cha kwanza. Akazunguka ua, akaingia.

Nyimbo zikakatika. Nilijua ameshika kikombe.

Nilisubiri neno "karibuni". Halikuja. Kuku alikuwa anaparura jivu karibu na mguu wangu, na sikumfukuza nisije nikakosa kusikia. Nikasema moyoni, basi, imeshindikana, anatafuta namna ya kuwaambia. Kisha nikasikia sauti yake, si kubwa, inauliza jambo la kawaida kabisa.

"Nani alikuwa anakoroga?"

"Ni mkweo, mama," mmoja akajibu.

"Mwambieni imeshika chini."

Wanawake wakaguna kwa aibu, wengine wakacheka kidogo, maana hayo hayasemwi mbele ya wageni. Mama akaendelea bila kujali: "Tena alijua. Kaongeza maganda ili aifunike. Karibuni, kunyweni, haina sumu."

Mke wangu alikuja mbio upande wangu, amenyoosha mikono kama mtu anayetuliza ng'ombe. Ananijua. "Usikasirike," akasema. "Tafadhali, leo usikasirike. Ni mtu mzima, amesema tu..."

"Amejuaje?" nikamuuliza.

"Amejuaje nini?"

"Kwamba imeshika chini. Wewe ulijua?"

Akanitazama. Nikaona jambo hilo linamwingia polepole, mpaka mkono ukapanda ukafunika mdomo. Aligeuka akakimbia alikotoka, na kiatu kimoja kikabaki kwangu.

Nilisikia anamwita mama yake kwa jina alilokuwa akimwita utotoni, nikasikia vilio na vigelegele vimechanganyika, na wakwe wanauliza kuna nini, nani kafanya nini. Mimi siruhusiwi kuingia. Nilisimama pale nikiwa na kata mkononi, machozi yananitoka, na jamaa wa maturubai akipita akaona vyema asiniulize.

Kisha upande wa pili wakaanza kumletea vitu anuse. Sikuviona, nilisikia majibu yake tu.

"Kitunguu," alisema. Wakashangilia.

"Hii sabuni. Ya kufulia."

Wakaleta kingine.

"Hiki sisikii," alisema. "Hapana, hiki sisikii kabisa. Leteni kingine."